Ernst Degner: mkimbizi aliyevuka mpaka na injini kichwani

Wengi wetu hapa tunapenda pikipiki, na wengine ndiyo kazi yao ya kila siku. Leo nawaletea historia ya bingwa wa dunia wa mbio za pikipiki ambaye alikuwa mkimbizi kama sisi. Tena si mara moja. Alikimbia mara mbili.

Ernst Degner alizaliwa mwaka 1931 katika mji wa Gleiwitz. Wakati huo mji ulikuwa wa Ujerumani, leo ni Gliwice, nchini Poland. Mwaka 1945, vita vilipokuwa vinaisha na jeshi la Wasovieti linasonga mbele, Ernst alikuwa mtoto wa miaka 13. Akakimbia na mama yake na dada yake, wakaacha kila kitu. Mahali walipopata usalama ndipo palipokuja kuwa Ujerumani Mashariki, nchi ya kikomunisti. Hapo akakua, akasomea ufundi, akaanza kushindana.

Kipaji chake kikamfikisha kwenye kiwanda cha MZ, mji wa Zschopau. Pale alikuwepo fundi mmoja mkubwa sana, Walter Kaaden. Wakati wa vita Kaaden alifanya kazi Peenemünde, mahali Wajerumani walipotengenezea roketi. Sasa alikuwa anahangaika na injini ndogo za tustroki, zile ambazo oili inachanganywa na petroli. Watu walizidharau, eti ni za pikipiki za bei rahisi tu.

Kaaden aligundua nini? Kwa lugha nyepesi ni hivi. Moshi ukitoka kwenye silinda, unatoka kwa mawimbi, kama sauti. Ukiipa ekzosi umbo linalofaa, yaani iwe na tumbo katikati na mwisho mwembamba, wimbi linarudi nyuma na kuisukuma ndani tena petroli iliyotaka kupotea na moshi. Injini inapata nguvu bila kuongezwa ukubwa. Kufikia mwaka 1961 injini yake ya cc 125 ilitoa nguvu ya farasi 25. Hakuna aliyekuwa amefika hapo kwa injini ya namna hiyo. Na kiwanda chenyewe hakikuwa na pesa, hata vipuri vizuri vilikuwa shida.

Mwaka huo Degner alishinda mbio tatu akiwa na MZ ya cc 125: Hockenheim, Sachsenring na Monza. Ubingwa wa dunia ulikuwa karibu kabisa. Mpinzani wake alikuwa Tom Phillis wa Australia, aliyeendesha Honda. Zilibaki mbio mbili tu, Sweden na Argentina.

Lakini kuna jambo lilikuwa limetokea katikati. Usiku wa kuamkia tarehe 13 Agosti 1961, serikali ya Ujerumani Mashariki ilifunga mpaka wa Berlin na kuanza kujenga ule ukuta. Waliokuwa wanavuka kwa miguu au kwa treni wakakwama. Degner aliruhusiwa kusafiri kwa ajili ya mbio, lakini mke wake na watoto wao wawili walibaki nyumbani. Kila mtu alielewa maana yake: familia ndiyo dhamana, lazima utarudi.

Siri yake ni kwamba alishaongea na watu wa Suzuki kutoka Japani. Wao pesa walikuwa nazo, lakini injini zao zilikuwa zinashindwa vibaya. Mpango ukapangwa. Mwezi Septemba, wakati Degner yuko Sweden, mke na watoto walifichwa kwenye buti ya gari na kuvushwa mpaka hadi Ujerumani Magharibi. Kule kwenye mbio injini yake ikaharibika. Baadaye akatuhumiwa kwamba aliiharibu makusudi. Yeye akapitia Denmark, akaifuata familia yake.

Hapa mkimbizi yeyote ataelewa kilichofuata. Leseni yake ya mbio ilikuwa ya nchi aliyoikimbia. Wakamfungia, wakapeleka malalamiko kwa shirikisho la kimataifa. Mbio za Argentina zikampita, na ubingwa akauchukua Phillis. Mtu ana kipaji, ana nguvu, lakini karatasi zinamkwamisha. Si tunaijua hiyo?

Kisha akaenda Japani, akawafundisha Suzuki yote aliyoyajua. Mwaka 1962 akashinda kisiwa cha Isle of Man, na mwisho wa msimu akawa bingwa wa dunia wa cc 50. Ulikuwa ubingwa wa kwanza wa Suzuki, na wa kwanza kuchukuliwa na injini ya tustroki. Miaka ya mbele tustroki zilitawala: kuanzia 1975 hadi 2001, kila bingwa wa cc 500 aliendesha tustroki.

Ila maisha hayakumwachia raha muda mrefu. Mwaka 1963 alianguka kwenye uwanja wa Suzuka, pikipiki ikawaka moto, akaungua vibaya. Alipandikizwa ngozi mara nyingi sana. Bado alirudi, na mwaka 1964 akashinda mbio za Japani palepale Suzuka. Kuna kona pale inaitwa Degner mpaka leo. Aliacha mbio mwaka 1966, na mwaka 1983 akafariki kisiwani Tenerife, akiwa na miaka 51.

Sasa tuseme ukweli wote. Kaaden alibaki Zschopau. Alihojiwa na wakubwa, akawekwa chini ya macho, na MZ haikupata kamwe ubingwa wa dunia wa mbio hizo. Kazi yake ya miaka mingi iliwatajirisha wengine. Degner alikuwa na haki ya kuitoa familia yake kwenye nchi iliyofungwa kama gereza, hilo mimi silibishi. Lakini kuitoa familia ni jambo moja, na kuuza maarifa ya rafiki ni jambo lingine. Yeye aliyafanya yote mawili kwa safari moja.

Sisi pia tulipokimbia tuliwaacha watu, na wengine waliulizwa maswali kwa sababu yetu. Kumsifu Degner bila kumtaja Kaaden ni kusimulia nusu. Kwa hiyo ndugu yangu, ukisikia tustroki inalia barabarani na kumhadithia mwenzako juu ya bingwa aliyetoroka, mwambie pia jina la fundi aliyebaki.