Toba na unyenyekevu katika Uamsho wa Afrika Mashariki

Toba ya hadharani ni desturi ya Mkristo kuungama dhambi yake mbele ya waumini wenzake, kumwomba Mungu msamaha, kisha kumwendea aliyemkosea. Katika eneo letu desturi hii ilishika mizizi kupitia Uamsho uliochipuka Gahini, Rwanda, miaka ya 1930, ukaenea Uganda, Burundi, Kenya na Tanganyika. Wafuasi wake waliitwa Balokole huko Uganda. Kwa Kiswahili ni walokole, watu waliookoka.

Mwaka 1929 Joe Church, daktari Mwingereza wa hospitali ya misheni ya Gahini, alifika Kampala akiwa amechoka mwili na roho baada ya njaa kali iliyoikumba Rwanda. Huko, kwenye kilima cha Namirembe, alikutana na Simeoni Nsibambi, Mkristo wa Buganda, nao wakaketi kusoma Biblia na kuomba pamoja. Zama zile mmisionari ndiye aliyefundisha na Mwafrika ndiye aliyefundishwa. Mzungu kukiri upungufu wake mbele ya Mwafrika, na wote wawili kupiga magoti wakiwa wakosaji walio sawa, lilikuwa jambo zito, na bila hilo Uamsho haueleweki. Blasio Kigozi, mdogo wake Nsibambi, aliwahubiri watu wa Gahini habari za toba kwa bidii kubwa hadi alipofariki Januari 1936.

Kiini cha maisha ya walokole ni mkutano wa ushirika. Ndugu au dada husimama na kulitaja kosa kwa jina lake: wizi, uzinzi, chuki, kuwadharau watu wa kabila jingine. Hatafuti kisingizio. Wenzake humpokea kwa wimbo wa Kiganda, Tukutendereza Yesu, ambao huimbwa hata na wasiojua Kiganda. Maisha haya ya uwazi huitwa kutembea nuruni, kwa kufuata 1 Yohana 1:7, na kiburi kinaposalimu amri mbele ya msalaba husemwa kwamba mtu amevunjika.

Machozi ya mkutanoni hayakutosha. Kwa mfano wa Zakayo katika Luka 19, aliyeiba alirudisha, mwenye deni alilipa, na aliyemchukia jirani alibisha hodi mlangoni kwake. Festo Kivengere, mwalimu wa Kigezi, Uganda, aliyekuja kuwa askofu, alisimulia jinsi alivyosafiri mwendo mrefu kwa baiskeli kwenda kumwomba radhi mmisionari Mzungu ambaye yeye Kivengere alikuwa akimchukia. Mwaka 1977, baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda kuuawa chini ya utawala wa Rais Idi Amin, Kivengere alikimbilia uhamishoni, kisha akaandika kitabu kueleza kwa nini alimsamehe Idi Amin. Aliyezoea kuomba msamaha alikuwa amejifunza pia kuutoa, na ushuhuda huu, kwa maoni yetu, ndio wenye uzito kuliko yote ya Uamsho.

Si viongozi wote wa makanisa walioupokea Uamsho kwa furaha. Mwaka 1941 wanafunzi 26 wa chuo cha theolojia cha Mukono, Uganda, William Nagenda akiwa miongoni mwao, walifukuzwa baada ya kukataa kuacha mikutano yao ya maombi ya alfajiri. Wakosoaji waliona walokole wakijihesabu bora kuliko Wakristo wengine. Lawama hiyo ilikuwa na ukweli ndani yake: palipowekwa kanuni ngumu za mavazi na mikopo, na palipokuwa na shinikizo la kuungama kila wiki, unyenyekevu wenyewe uligeuka kuwa kipimo cha kuwahukumia wengine.

Imani hiyo ilijaribiwa pia na umwagaji damu. Nchini Kenya, miaka ya 1950, walokole wengi wa Kikuyu walikataa kiapo cha Mau Mau, wapiganaji waliopinga ukoloni, na wengine wakakataa pia kubeba silaha upande wa serikali ya kikoloni. Baadhi yao waliuawa. Lakini habari ya Rwanda ndiyo inayoumiza zaidi. Mauaji ya kimbari ya 1994 yalitokea katika nchi ile ile ya Gahini, tena waumini waliuawa hata ndani ya makanisa walimokimbilia. Wapo Wakristo waliowaficha majirani zao kwa kuhatarisha uhai, lakini ungamo la dhambi za mtu binafsi halikuwa limefika kwenye chuki ya kikabila iliyojengwa na kulelewa na utawala kwa miongo mingi. Kanisa lolote linalofundisha toba leo linapaswa kuanzia hapo.