Weusi wa msitu, weupe wa duka

Siku hizi ku soko za Bunia na Komanda kuna mafuta ya kung'arisha ngozi yenye picha ya majani, nao wauzaji wanasema: hii ni ya miti, haina shida, hata wababu walipakala. Hapo tunapinga.

Wazee wetu wa Irumu walipakala, ni kweli. Walipakala mawese ngozi ing'ae, na udongo mweupe siku za desturi. Lakini ufundi mkubwa ulikuwa wa kutia weusi. Wanawake Wambuti na Waefe wanakamua tunda la jamii ya gardenia. Maji yake yanaonekana kama si kitu, kisha yanageuka meusi. Ndiyo wanachorea uso, mwili na nguo za maganda ya mti. Baada ya siku chache mchoro unatoka wenyewe.

Weupe ulitoka kiwandani. Mwaka wa 1939 waganga wa Marekani waliandika juu ya wafanyakazi wa kiwanda cha ngozi za wanyama waliotokewa na madoa meupe mikononi, juu ya dawa iliyokuwa ndani ya glavu za mpira. Dawa ile ni ndugu ya hidrokinoni, ambayo baadaye iliingia ndani ya krimu. Kwetu watu waliita zote ambi, jina la krimu moja ya duka.

Na miti je? Mwaka wa 1895 Wafaransa Bourquelot na Bertrand walikuta ndani ya uyoga anzimu inayoitwa tirosinazi. Ndiyo inaanzisha rangi ya ngozi yetu. Ndugu yake inafanya ndizi iliyokatwa igeuke kahawia. Kuna miti inayoizuia kweli. Mmoja ni wa nchi za baridi, busserole kwa Kifaransa, wenye arbutini. Lakini arbutini ni hidrokinoni iliyofungwa na sukari, na vijidudu vya ngozi vinaweza kuifungua. Basi majani yale ya picha si ngao.

Tena chupa nyingine zinaficha zebaki, inayoharibu figo, ao kortizoni, inayopunguza unene wa ngozi. Hidrokinoni ikipakaliwa miaka mingi inaweza kuleta madoa ya bluu-nyeusi mashavuni, na hayo hayatoki sawa mchoro wa gardenia. Afrika Kusini iliikataza ndani ya vipodozi mwaka wa 1990. Waganga wanaopasua wanajua lingine: mama aliyejichubua miaka mingi akipasuliwa wakati wa kuzaa, ngozi haishiki uzi vizuri, na kidonda kinakawia kupona.