Reli Haitaki Mshindani

Ukitaka kujua uchumi wa Kenya unaendaje, wachana na gazeti kidogo. Njoo Magongo saa kumi na mbili asubuhi, ukae kwenye benchi la mama yangu, uagize mahamri kwa mbaazi, halafu uhesabu malori. Mimi nayahesabu tangu utotoni. Chuo kikuu nilikiacha mwaka wa pili, lakini benchi hili sijaliacha, na hapa ndipo nilipoulizwa swali ambalo mhadhiri hakuwahi kuniuliza.

Ilikuwa mwaka 2019. Mzee mmoja, dereva wa trela, aliweka kikombe chini akasema: "Mwanangu, si wewe ulisoma? Hebu nambie. Mwenye kontena anataka nimbebee. Mimi nataka kubeba. Bei tumeelewana. Sasa huyu wa tatu anayesema hapana, ametoka wapi?"

Huyo wa tatu alikuwa serikali. Agosti mwaka huo, Halmashauri ya Bandari na Mamlaka ya Ushuru zilitoa amri kwamba makontena yanayoingia nchini kwenda Nairobi na bara yapakiwe kwenye treni ya SGR. Treni yenyewe tuko nayo jirani, kituo chake kikuu kiko hapo Miritini. Ilizinduliwa tarehe 31 Mei 2017, ikaanza kubeba mizigo Januari 2018. Ilijengwa kwa mkopo mkubwa kutoka Uchina, na mkopo haulipwi kwa treni tupu. Tangu mwaka 2014, kabla treni haijapiga honi, Bandari ilikuwa imeshaahidi kuipa reli mzigo.

Nikaanza kumtafutia mzee jibu. Nilidhani nitaipata hadithi ya miaka miwili mitatu. Kumbe ina zaidi ya miaka themanini.

Reli ya kwanza ilianza kujengwa hapa Mombasa mwaka 1896, ikafika Kisumu mwaka 1901. Wakoloni waliipangia nauli kwa ujanja: mazao ya masetla yakiteremka pwani yalilipishwa kidogo, na bidhaa zilizopanda bara kutoka melini zililipishwa sana ili kuziba pengo. Mambo yakaenda hivyo mpaka lori likaingia barabarani. Mwenye lori hakuwa na haja na mahindi ya setla. Alichukua ile mizigo yenye pesa, akatoza chini ya reli, na wateja wakamfuata. Reli ikalia. Mwaka 1937 ikapitishwa sheria ya leseni za uchukuzi: ukitaka kubeba mzigo au abiria kwa malipo, uombe ruhusa kwa bodi. Kuilinda reli lilikuwa mojawapo ya malengo yake.

Uhuru ukaja, bendera ikabadilishwa, sheria ikabaki. Waliokuwa wakibeba abiria kwa magari yao makuukuu, kwa senti thelathini, walikimbizana na polisi, manake leseni hawakuwa nayo. Senti hizo thelathini ndizo zilizotupa neno matatu. Mwaka 1973 Rais Jomo Kenyatta akatamka kwamba wanaweza kubeba watu bila leseni ile. Basi matatu zikajaa nchi nzima, na Wakenya wengi wa kawaida wakapata kazi.

Lakini tusidanganyane. Ukiwaachia watu barabara hivi hivi, kuna watakaozikwa. Ajali za matatu zilizidi mpaka mwanzoni mwa 2004, waziri John Michuki alipolazimisha mikanda na vidhibiti mwendo. Madereva walinung'unika, abiria wakashukuru. Kwa hiyo mimi si wale wanaosema serikali ikae kando tu. Kuna refa anayesema usicheze rafu, na sheria yake ni moja kwa timu zote. Na kuna refa anayevaa jezi, akafunga bao, kisha akampa kadi nyekundu mlinzi aliyemkaba. Amri ya 2019 ilikuwa ya huyo wa pili.

Watetezi wake nao wana hoja. Deni la SGR ni letu sote, hata mama yangu analilipa kwenye kodi ya sukari na mafuta. Treni moja inapunguza trela nyingi barabarani, na anayeishi Magongo anajua trela zikijipanga foleni inakuwaje. Wenye mayadi makubwa pia si malaika: tajiri akililia soko huria, mara nyingi analilia soko lake. Yote sawa. Ila kama treni ni rahisi na ya haraka, mwenye kontena ataipanda mwenyewe. Wa kulazimishwa ni yule uliyeshindwa kumshawishi.

Watu wa Mombasa waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Serikali ikalegeza. Novemba 2020 Mahakama Kuu hapa Mombasa ikaamua kwamba amri ile ilivunja Katiba kwa sababu umma haukushirikishwa, ikaipa serikali siku 180 kurekebisha. Tarehe 13 Septemba 2022, siku ya kuapishwa kwake, Rais William Ruto akatangaza kwamba shughuli za kutoa mizigo zinarudi bandari ya Mombasa.

Magongo tulifurahi. Honi zililia mpaka usiku. Kesho yake mzee alikuja benchini kama kawaida, nikamwambia, "Mzee, si umepata jibu lako?"

Akacheka kidogo. "Waliofunga mlango walitumia tamko. Aliyefungua pia katumia tamko. Kwani ufunguo ulihamia kwangu?"

Hapo ndipo nilipoelewa nilichokuwa nikitafuta. Tamko la 1973 lilitupa matatu, la 2022 likatupa makontena, na yote mawili tuliyapokea kama zawadi. Zawadi humkumbusha mpokeaji nani mkubwa. Katika hadithi hii yote, kilichokuwa chetu kwa haki ni ile hukumu ya 2020 ambayo hakuna aliyeipigia honi: kwamba kabla hujaamua mzigo wangu upite wapi, sharti uniulize.

Nilitaka kumwambia mzee hivyo. Mama akanitangulia, akamkumbusha kuwa tangu juzi anadaiwa mahamri manne.