Lisilozidi Hekta 10

Kata ya Nyarugusu mkoani Geita, isichanganywe na kambi ya wakimbizi yenye jina hilohilo kule Kasulu, ni nchi ya maduara (mashimo ya machimbo), makarasha (mashine za kusaga mawe) na zebaki. Mchimbaji mdogo anayetaka leseni huko hukutana na hisabati kabla hajapiga sururu. Kwa kanuni za haki madini za mwaka 2010, eneo la leseni ya uchimbaji mdogo wa dhahabu lilikuwa lisilozidi hekta 10, yaani mita za mraba 100,000. Neno hilo moja, "lisilozidi", ndilo ambalo wanahisabati huliandika kwa alama ≤.

Somo lenyewe kwa Kiswahili huitwa kutolingana, na pale kisichojulikana kinapozidishwa kwa chenyewe, kutolingana kwa kipeo cha pili. Wengine husema kutolingana kwa kwadratiki. Kwadratiki inatokana na neno la Kilatini la mraba, ambalo asili yake ni nne. Mraba nao umetoka kwenye Kiarabu, katika mzizi wa nne, ndugu wa robo. Majina mawili, pembe zilezile. Wala si ajabu: al-Khwarizmi, aliyeandika Baghdad mnamo karne ya 9 kitabu kilichoipa aljebra jina lake, alithibitisha kanuni zake kwa kuchora miraba.

Kasoro iko kwenye "kutolingana". Jina hili limeundwa kwa kuukana mlinganyo, na linasema tu kwamba pande mbili haziko sawa. Halisemi upande upi mkubwa, wakati hilo ndilo swali lote. Tena ≤ inaruhusu usawa: eneo la hekta 10 kamili lilikuwa halali. Kutolingana kunakoruhusu kulingana kunamchanganya mwanafunzi bure. Lugha ya leseni, ya zabuni na ya matangazo ya ajira iko wazi zaidi: isiyozidi, isiyopungua, zaidi ya, chini ya. Hizo nne zinatosha alama zote nne.

Chukua mstatili ambao urefu wake unazidi upana kwa mita 150. Upana ukiwa x, eneo ni x(x + 150), nalo lisizidi 100,000. Hamisha kila kitu upande mmoja: x² + 150x − 100,000 ≤ 0. Sasa tafuta kwanza penye usawa, kama mlinganyo wa kawaida. Inapatikana (x − 250)(x + 400) = 0, kwa hiyo x ni 250 au −400.

Hapa ndipo wengi huteleza. Kwa mazoea ya milinganyo, mwanafunzi huandika x ≤ 250 na x ≤ −400, kana kwamba kila mabano yanajitegemea. Lakini zao la mabano mawili huwa hasi pale tu moja linapokuwa hasi na jingine chanya. Namba mbili zilizopatikana si majibu, ni mipaka. Zinakata mstari wa namba vipande vitatu, na kipande kimoja kimoja hupimwa kwa namba yoyote iliyomo. Weka −500: mabano yote mawili ni hasi, zao ni chanya, kipande kinakataliwa. Weka 0: zao ni −100,000, kinakubaliwa. Weka 300: 50 mara 700, chanya, kinakataliwa. Jibu ni kuanzia −400 hadi 250. Na kwa kuwa hakuna kiwanja chenye upana hasi, kinachobaki ni upana unaozidi sifuri na usiozidi mita 250. Ukiwa 250, urefu ni 400, nazo hekta 10 zimetimia.

Hesabu ya pili inageuza kibao. Mtu ana wavu wa mita 100 wa kuzungushia marudio, yale mabaki ya mchanga uliokwisha kuoshwa, na anataka eneo la mstatili lisilopungua mita za mraba 600. Upande mmoja ukiwa x, wa pili ni 50 − x, hivyo 50x − x² ≥ 600. Grafu yake ni karai lililofunikwa, na sehemu inayotakiwa ni ile ya juu. Ukizidisha pande zote kwa −1 ili karai likae sawa, alama nayo lazima igeuke, kwani 2 ni ndogo kuliko 3 lakini −2 ni kubwa kuliko −3. Inakuwa x² − 50x + 600 ≤ 0, yaani (x − 20)(x − 30) ≤ 0. Upande uwe kuanzia mita 20 hadi 30. Mita 25 zinatoa 625. Mita 10 zinatoa 400 tu.

"Kuanzia 20 hadi 30" inahesabu mipaka yenyewe. "Kati ya 20 na 30" inaacha shaka, na mwalimu makini huongeza "bila kuhesabu mipaka" anapomaanisha alama isiyo na mstari chini yake. Alama mbili zisizo na mstari huo, > na <, zilichapishwa mwaka 1631 katika kitabu cha Mwingereza Thomas Harriot, miaka 10 baada ya kifo chake.

Na kama sharti lingekuwa eneo chini ya 600? Jibu lingevunjika vipande viwili: upande chini ya mita 20 au zaidi ya mita 30, ilimradi usifike 50. Kiunganishi hapo ni "au". Anayeandika "na" anatafuta upande mmoja ulio mfupi kuliko mita 20 na, papo hapo, mrefu kuliko 30.