Somo la Historia: Ngome ya Karema Ilivyogeuka Misheni

Leo tuondoke Mishamo, tushuke kusini hadi Karema, pwani ya Ziwa Tanganyika. Misheni ya huko ina jambo la kustaajabisha: nyumba yake ya kwanza haikujengwa kwa ajili ya sala, bali kwa ajili ya bunduki.

Mwaka 1876 Mfalme Leopold wa Pili wa Ubelgiji aliunda chama cha kimataifa cha mambo ya Afrika. Kilisema kwamba shabaha yake ni elimu na kukomesha biashara ya watumwa. Mwaka 1879 ofisa wake, Ernest Cambier, akaanzisha kituo Karema, na hapo ikajengwa ngome. Sasa, ngome hujengwaje? Kuta zake huwa nene na milango michache, ili walio ndani wamwone adui naye asiwafikie. Nyumba ya namna hiyo yasema wazi kwamba mwenyewe hamwamini jirani yake.

Miaka sita haikupita ila mambo yakageuka. Baada ya mkutano wa Berlin wa 1884 na 1885, Leopold aliipata Kongo, ng'ambo ya ziwa. Karema ikabaki upande uliochukuliwa na Wajerumani. Ngome haikumfaa tena. Mwaka 1885 ikakabidhiwa kwa Mapadre Weupe, shirika la Kardinali Lavigerie.

Mapadre hawakuibomoa. Walihamia humo, wakasali humo, na kando yake wakakaa watoto na watu wazima waliokombolewa utumwani. Kuta zilezile zilizojengwa kuwazuia watu, sasa ziliwakinga. Lakini tusikosee: waliokombolewa waliishi chini ya amri ya misheni. Kupata kimbilio si sawa na kuwa huru kabisa.

Mmoja wa waliojua jambo hilo ni Adrian Atiman. Alikamatwa utotoni Afrika Magharibi, akauzwa, akakombolewa, akasomea utabibu kisiwani Malta. Mwaka 1889 alifika Karema, akawatibu watu na kuwafundisha dini mpaka alipofariki mwaka 1956.

Hata ziwa nalo lilibadilika. Maji yalipata njia ya kutokea mto Lukuga, yakapungua, na ngome iliyokuwa karibu na maji ikaachwa nchi kavu.

Wasikilizaji wa Mishamo, makazi yenu yalifunguliwa mwaka 1978 kwa ajili ya wakimbizi wa Burundi. Ninyi mwajua kuliko wengi kwamba ukuta ni udongo tu. Maana yake hutoka kwa yule anayefungua mlango, na kwa yule anayefunguliwa.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi chenu:
1. Kwa nini Leopold aliiacha Karema?
2. Kimbilio na uhuru vyatofautianaje?
3. Ni jengo gani kwenu lililobadili kazi yake, na nani aliyelibadili?