Kabla hujanunua pikapu iliyotumika: ipime kwa mzigo wako, barabara yako na fundi wako

Msimu wa mazao ukiisha, fedha ya mahindi, korosho au mifugo hutafuta pa kwenda, na gari la kwanza kutajwa nyumbani au kwenye kikundi huwa ni pikapu. Hubeba mbolea, hupeleka mazao sokoni, na usiku humfikisha mgonjwa hospitali. Lakini ikikosewa, pikapu hiyo hiyo inaweza kumeza akiba ya misimu kadhaa huku imesimama gereji.

Katika makala hii tunaeleza namna ya kuipima pikapu ya ukubwa wa kati, yaani zile za kubeba karibu tani moja: Toyota Hilux, Isuzu D-Max, Ford Ranger, Nissan Navara na Mitsubishi L200. Mfano wetu mkuu ni Hilux ya kizazi cha saba, iliyotengenezwa kuanzia 2004 hadi 2015, ambayo wengi wanaifahamu kwa jina la Vigo. Mengi tutakayosema yanahusu pikapu nyingine pia.

Anza na hesabu ya kukodi

Kabla ya kuuliza bei ya gari, jiulize kwanza unatumia kiasi gani sasa. Tuseme unakodi pikapu mara 3 kwa mwezi, kila safari shilingi 80,000. Kwa mwaka ni shilingi 2,880,000. Sasa andika gharama za gari lako mwenyewe kwa mwaka huo huo: mafuta, oili na machujio, bima, tairi, dereva kama hutaendesha mwenyewe, na akiba ya kuharibika. Kiasi hicho kikizidi ile 2,880,000 na huna mpango wa kubebea wengine mizigo kwa malipo, endelea kukodi. Fedha ya kununulia itafaa kwa kazi nyingine.

Hesabu ikikubali, usimalize fedha yote kwenye kununua. Gari lililotumika huja na madai yake ya mwanzo: oili zote, machujio, breki, pengine tairi. Mnunuzi aliyebaki mikono mitupu siku ya kwanza huliendesha gari likiwa na ugonjwa ambao ungetibika kwa fedha kidogo.

Tani moja ni magunia mangapi?

Kwenye kadi ya gari au kibati cha mtengenezaji kuna uzito wa gari tupu na uzito wa juu unaoruhusiwa likiwa limepakia. Tofauti ya hizo mbili ndiyo mzigo wake halali. Kwa mfano, gari lenye uzito wa kilo 1,800 likiwa tupu na ukomo wa kilo 2,800 linabeba kilo 1,000. Lakini ndani ya kilo hizo wamo pia watu. Watu watano wa kilo 70 kila mmoja ni kilo 350, kwa hiyo zinabaki kilo 650. Hayo ni magunia 6 ya kilo 100, si 10.

Na kama ni lumbesa, hesabu inapungua tena. Magunia 5 ya kilo 130 tayari ni kilo 650. Anayehesabu magunia bila kupima kilo hujaza gari kupita kiasi bila kujua, na anayelipa ni springi, beringi za magurudumu na breki. Maji nayo huwadanganya wengi: tangi la lita 1,000 likijaa ni tani moja kamili bila kuhesabu tangi lenyewe wala dereva.

Hapa ndipo pa kuamua kati ya kabini moja na kabini mbili. Bodi ya Hilux yenye kabini moja ina urefu wa takriban mita 2.3, na ile ya kabini mbili ni takriban mita 1.5. Kabini mbili inafaa familia inayobeba mzigo mara moja moja. Kama kazi yako ni magunia, mbao au mabati, kabini moja itakufaa zaidi, hata kama haina heshima sana mbele ya wakwe.

Barabara yako inataka nini?

Kama njia yako hupitika mwaka mzima, pikapu inayovuta kwa magurudumu mawili inatosha, ina vitu vichache vya kuharibika, na mara nyingi bei yake ni nafuu. Kama masika hugeuza njia kuwa tope, utahitaji fowili. Hapo uwe makini. Nchini Thailand, ambako Hilux nyingi hutengenezwa, kumekuwa na toleo lililoinuliwa juu kama fowili lakini linavuta kwa magurudumu mawili ya nyuma tu. Huitwa Prerunner. Ukilitazama kwa mbali huwezi kulitofautisha.

Inama uangalie chini ya gari, mbele. Fowili ya kweli ina difu ya mbele, na shafti zinazotoka humo kwenda kila gurudumu la mbele. Ndani kuna gia ndogo ya pili au kitufe cha kuchagua H2, H4 na L4. Ijaribu kwenye udongo au mchanga: iingize, tembea, geuza, kisha itoe. Ikigoma kuingia au ikipiga kelele ya vyuma, bei izungumzwe upya au uondoke. Usiijaribu kwa kukata kona kwenye lami kavu, kwa sababu mfumo wa aina hii hujibana na kuharibika.

Injini na dizeli ya madumu

Vigo za dizeli zina injini za lita 2.5 na lita 3.0 za aina ya D-4D. Zina nguvu na hazili mafuta ovyo, lakini nozeli zake hupuliza dizeli kwa mgandamizo mkubwa sana kupitia vitundu vidogo mno. Vumbi au maji kidogo huziharibu, na kuzibadilisha ni gharama kubwa. Hilux za zamani zenye injini ya 5L, ya lita 3.0 isiyo na turbo, ni nzito kupanda mlima lakini huvumilia zaidi mafuta yasiyo safi.

Kwa hiyo jiulize: dizeli unayopata kwenu inatoka kwenye pampu ya kituo au kwenye dumu la dukani? Kama ni dumu, panga kubadilisha chujio la dizeli mapema kuliko kawaida na kutoa maji yanayokusanyika chini yake.

Jambo la pili kwenye injini za D-4D ni mkanda wa taimingi. Kwa kawaida hubadilishwa kila kilomita 150,000. Ukikatika gari likitembea, vavu hugongana na pistoni na injini inaweza kufa pale pale. Taa ya kukumbusha iliyo kwenye dashibodi inaweza kuzimwa bila mkanda kubadilishwa, kwa hiyo taa kutowaka si ushahidi. Kama muuzaji hana risiti ya mkanda mpya, weka gharama hiyo kwenye mazungumzo ya bei. Hilux zilizofuata kuanzia 2015, zenye injini za dizeli za lita 2.4 na 2.8, zinatumia mnyororo badala ya mkanda.

Kupima ulaji wa mafuta, jaza tangi, andika kilomita, tembea kwa kazi zako za kawaida, kisha jaza tena. Ukitembea kilomita 412 na ukajaza lita 44, gari linakwenda kilomita 9.4 kwa lita. Namba hiyo uliyoipima mwenyewe ina maana kuliko maneno ya dalali.

Fundi wako na duka la vipuri

Kabla ya kuchagua aina ya gari, nenda kwenye duka la vipuri la mji ulio karibu nawe. Uliza bei ya vitu vitano vya aina hiyo: chujio la dizeli, klachi, pedi za breki, shokapu na nozeli moja. Uliza pia kama vipo siku hiyo au vinaagizwa kutoka mbali. Gari zuri ambalo nozeli yake inasubiri basi la siku tatu ni gari lisilo na kazi siku tatu, na maziwa hayasubiri.

Kisha muulize fundi unayemwamini ni aina gani anayoifungua kila wiki. Ushauri wake una uzito kuliko sifa za gari lile lile mjini, kwa kuwa yeye ndiye atakayeitwa litakapokwama.

Siku ya ukaguzi

Nenda mchana na fundi wako, na mwombe muuzaji asiwashe injini kabla hamjafika. Injini ya baridi haifichi siri. Kagua kwa mpangilio huu:

- Chasisi: tafuta mahali palipochomelewa, palipopinda au penye kutu inayobanduka. Gari lililobeba samaki huliwa na maji ya chumvi kuanzia chini ya bodi. Rangi mpya nyeusi chini ya gari inaweza kuwa pazia.
- Springi za nyuma: linganisha urefu wa kushoto na kulia. Vyuma vilivyoongezwa ni dalili kwamba limezoea mizigo mikubwa.
- Oili na rejeta: oili yenye rangi ya chai ya maziwa, au maji yenye mafuta juu yake, ni dalili kwamba maji na oili vimekutana. Usifungue rejeta ikiwa ya moto.
- Moshi: wa buluu ni oili inayoungua. Mweusi mwingi huashiria nozeli au hewa isiyotosha. Mweupe usiokwisha injini ikishapata moto unahitaji maelezo.
- Kilomita: namba za dashibodi zinaweza kurudishwa nyuma. Tazama pedali, usukani na kiti cha dereva. Pedali iliyolika hadi chuma haikutembea kilomita 60,000.
- Tairi: tafuta tarakimu nne pembeni. 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019.

Mwisho, endesha si chini ya nusu saa, kukiwa na mlima na barabara mbovu, huku ukitazama geji ya joto.

Limetoka wapi, na ni la nani?

Ukiambiwa Hilux ya mwaka 2010 "imetumika Japani", uliza zaidi. Toyota iliacha kuiuza Hilux nchini Japani mwaka 2004 na kuirudisha 2017. Za miaka hiyo zilizo na usukani wa kulia hutoka nchi kama Thailand, Afrika Kusini au Uingereza. Asili hiyo si ubaya, ila muuzaji asiyeijua au anayeificha huenda anaficha na mengine. Zile za Uingereza zikaguliwe kutu zaidi, kwa sababu kule barabara humwagiwa chumvi wakati wa baridi.

Linganisha namba ya chasisi iliyopigwa kwenye chuma na ile ya kwenye kadi, tarakimu moja moja. Jina la kwenye kadi liwe la anayekuuzia, au awe na idhini ya maandishi. Omba kuiona kadi halisi, kwa sababu kadi "iliyoachwa nyumbani" inaweza kuwa imeshikwa kwa mkopo. Kwa Tanzania, angalia faini za barabarani kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi mtandaoni, na uhamisho wa umiliki ufanyike TRA. Kwa Kenya, taarifa za mmiliki hupatikana NTSA.

Fedha isitoke mkononi kabla ya karatasi kukamilika. Kama mnanunua kikundi, andikeni pia gari litasajiliwa kwa jina la nani, nani ataliendesha, na akiba ya matengenezo itakaa wapi. Ugomvi juu ya pikapu ya pamoja unaweza kuvunja kikundi mapema kuliko klachi.