Maji Yalipokuwa Uwanja: Historia ya Kutua Salama Kisumu

Kisumu ilikuwa mji wa reli na meli kabla ya kuwa mji wa ndege. Reli iliyotoka Mombasa ilifika ufuoni mwa Ziwa Victoria mwezi Desemba 1901, mahali palipoitwa wakati huo Port Florence, na kwa robo karne iliyofuata abiria na mizigo ya Uganda ilishuka garimoshi hapo na kupakiwa melini. Usafiri wa anga ulipoanza kuzungumzwa katika miaka ya 1920, waliotaka kuleta ndege hadi kwenye ziwa hawakuanza kwa kutafuta uwanja wa nchi kavu, bali waliyatazama maji yenyewe ya Ghuba ya Winam, ambayo Waingereza waliiita Ghuba ya Kavirondo, wakayaona kuwa ni uwanja uliokwisha kutengenezwa. Uamuzi huo ulitangulia mengine yote, kwa kuwa aina ya chombo cha kurukia huamuliwa kwanza na mahali kitakapotua, kisha ndipo hufuata masuala ya mwendo, starehe na gharama.

Sababu za kuchagua maji hazikuwa za kimapenzi hata kidogo. Tambarare ya Kano, inayoanzia nyuma ya mji na kuelekea vilima vya Nandi, ina udongo mweusi wa mfinyanzi unaopasuka nyufa wakati wa kiangazi na kunasa gurudumu la aina yoyote wakati wa masika, na Mto Nyando unaopita humo hufurika mara kwa mara. Aidha, injini za wakati ule zilizimika angani mara nyingi kuliko msafiri wa leo anavyoweza kudhani, na rubani aliyefuata mkondo wa Mto Nile kutoka Khartoum, kisha akavuka kwenda Ziwa Victoria, alikuwa na maji ya kutulia chini yake kwa sehemu kubwa ya safari. Ndege za majini zilikuwa za namna mbili: zile zilizofungwa maboya mawili marefu mahali pa magurudumu, na zile ambazo kiwiliwili chenyewe kiliundwa kwa umbo la mashua, kikielea moja kwa moja juu ya maji.

Mtu aliyeisukuma zaidi hoja ya kuunganisha Khartoum na Kisumu alikuwa rubani Mwingereza, Kapteni T. A. Gladstone, ambaye mwaka 1927 aliongoza safari za majaribio katika njia hiyo. Ndege iliyotumika ilikuwa ya maboya, aina ya DH.50, iliyopewa jina la Pelican, na historia yake ni fupi, kwani iliharibika Kisumu mwezi Oktoba mwaka huohuo. Majaribio hayakuzaa safari za kudumu, lakini yaliifanya Kisumu ihesabiwe katika ramani ya anga. Gladstone mwenyewe alifariki mwezi Mei 1931, wakati ndege ya magurudumu aliyopanda pamoja na rubani mwenzake Glen Kidston ilipoanguka katika milima ya Drakensberg, Afrika Kusini, miezi michache tu baada ya njia aliyoipigania kufunguliwa na wengine.

Waliofungua njia hiyo walikuwa Imperial Airways, shirika la ndege la Uingereza, ambalo tarehe 28 Februari 1931 lilianzisha safari kutoka Croydon, London, hadi Mwanza kupitia Kisumu, ingawa mwanzoni abiria waliishia Khartoum na ni barua pekee zilizoendelea kusini. Januari 1932 njia ilirefushwa hadi Cape Town, na hapo Kisumu ikawa kiungo cha aina mbili za usafiri, kwa sababu sehemu ya kutoka Khartoum ilihudumiwa na ndege-mashua aina ya Short Calcutta, ilhali sehemu ya kwenda kusini ilihudumiwa na ndege za magurudumu aina ya Hercules. Msafiri aliyetua majini alisogezwa ufuoni kwa motaboti, kisha akapanda ndege nyingine kutoka uwanja wa nchi kavu. Wilson Airways, kampuni iliyoanzishwa Nairobi mwaka 1929 na Florence Kerr Wilson, iliunganisha njia hiyo kuu na miji ya ndani ya Kenya.

Ili kuelewa ugumu wa kutua ziwani, inafaa kufafanua kipimo ambacho wataalamu wa ndege hukiita mzigo wa bawa, yaani uzito wote wa chombo ukigawanywa kwa eneo la bawa linaloubeba. Calcutta, iliyokuwa na mabawa mawili yaliyopangwa moja juu ya jingine, ilikuwa na uzito wa takriban kilo 10,200 na mabawa ya mita za mraba 170, hivyo kila mita ya mraba ilibeba kilo 60 hivi. Ndege-mashua zilizofuata mwaka 1937, ambazo Waingereza waliziita za daraja la Empire, zilikuwa na uzito wa zaidi ya kilo 18,000 na bawa moja la mita za mraba 139 tu, hivyo mzigo wa bawa ulipanda hadi kilo 132 hivi. Kasi ya kutua haipandi sambamba na mzigo bali hufuata kipeuo cha pili chake, na kwa hiyo mzigo ukiongezeka mara mbili kasi hupanda kwa takriban asilimia 40. Arthur Gouge, mhandisi mkuu wa kiwanda cha Short, alilijibu tatizo hilo kwa kuunda vibawa vya nyuma vinavyoteleza na kushuka wakati wa kutua, ili bawa liongezeke upana kwa muda na ndege iweze kwenda polepole bila kuporomoka.

Kanuni hiyohiyo ndiyo inayotawala uchaguzi wa mwavuli kwa mtu anayeruka kutoka kwenye ndege, na pengine huonekana wazi zaidi hapo kwa kuwa hakuna injini ya kuificha. Mwanafunzi mwenye kilo 90 pamoja na vifaa vyake, akipewa mwavuli wa mita za mraba 24, hubebwa kwa mzigo usiofika kilo 4 kwa kila mita ya mraba, naye hushuka taratibu na husamehewa makosa yake mengi. Mrukaji mzoefu mwenye uzito huohuo, akichagua mwavuli wa mita za mraba 11, huwa ameongeza mzigo huo zaidi ya mara mbili na hupata chombo chepesi kugeuka, chenye kasi, kisichosamehe. Miavuli ya zamani ilikuwa ya duara, ikimshusha mtu kokote upepo ulikotaka, hadi Mmarekani Domina Jalbert alipobuni, mwaka 1964, mwavuli wenye vyumba vinavyojazwa hewa na kuwa bawa kamili linaloweza kuongozwa. Tangu bawa hilo lienee, sehemu kubwa ya ajali za warukaji imehamia kwenye miavuli iliyofunguka vizuri, ambapo mtu hukata kona kali karibu mno na ardhi, au huchelewa kuvuta kamba mbili za breki ambazo, zikivutwa kwa wakati wake, huuinua mwavuli kidogo na kuua kasi miguu inapokaribia kugusa. Rubani wa ndege-mashua alifanya jambo lilelile alipoinua pua ya ndege sekunde chache kabla ya tumbo lake kukwaruza maji.

Kisumu iliongeza ugumu wake. Ziwa Victoria liko karibu mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, hewa yake ni nyepesi kuliko ya pwani, na joto la mchana huifanya iwe nyepesi zaidi, hivyo ndege iliyotua hapo iligusa maji kwa kasi halisi iliyozidi ile ya Mombasa kwa kati ya asilimia 5 na 10, hata kama kipimo mbele ya rubani kilionyesha nambari ileile. Kuondoka kulikuwa kugumu zaidi, kwani injini hupoteza nguvu katika hewa hiyo na maji huishika ndege isiruke.

Upepo nao una ratiba yake, ambayo wavuvi wa Kijaluo waliijua tangu zamani kabla ya mpimaji yeyote wa hali ya hewa kufika. Usiku nchi kavu hupoa haraka kuliko maji, na upepo hutoka barani kuelekea ziwani, ukiisukuma mitumbwi ya tanga kwenda kuvua. Kuanzia karibu na adhuhuri mwelekeo hugeuka, upepo wa ziwa huvuma kuelekea ufuoni na kuwarudisha wavuvi nyumbani. Hewa hiyo yenye unyevu hupanda juu ya vilima vya Nandi na Kericho, sehemu inayojulikana ulimwenguni kwa wingi wa mvua ya mawe, na ngurumo za alasiri ni jambo la kawaida. Chombo chochote hutua kwa kuukabili upepo, ili kasi ya upepo ipunguzwe katika kasi ya chombo, na kwa hiyo rubani wa asubuhi na rubani wa alasiri walielekeza pua pande zinazokaribia kupingana.

Ajabu ni kwamba hali iliyoogopwa na marubani wa majini si mawimbi peke yake bali pia utulivu. Ghuba ya Winam imezungukwa na nchi kavu pande karibu zote, na asubuhi, upepo wa usiku unapokufa kabla ule wa mchana haujaamka, uso wake huwa kama kioo, nalo jicho la rubani halioni mahali hewa inapoishia na maji yanapoanza, hata akaweza kusawazisha ndege mita kadhaa juu ya maji na kuiangusha, au akayagonga akidhani bado yako mbali. Dawa iliyotumiwa na marubani wa majini popote ilikuwa motaboti iliyotangulia kukata maji ili iache mistari ya kutazamwa, na motaboti hiyohiyo ilikagua njia isiwe na magogo, mitumbwi wala viboko. Hapo ndipo hoja ya kwamba maji ni uwanja wa bure ilipoanza kuonekana pungufu: uwanja wa maji ulihitaji maboya ya kufungia ndege, mashua za mafuta, watu wa kubeba barua na mizigo, redio, na ulinzi wa kila siku dhidi ya vitu vinavyoelea, gharama ambazo hazikuonekana katika picha za matangazo.

Safari za Empire kutoka Southampton hadi Durban zilianza rasmi mwezi Juni 1937, zikipitia Alexandria, Khartoum, Malakal na Port Bell kabla ya Kisumu, kisha Mombasa, Dar es Salaam na Lindi. Miaka miwili baadaye njia hiyo ilionyesha, ndani ya wiki chache, ubora na udhaifu wa kutegemea maji. Tarehe 14 Machi 1939 ndege iitwayo Corsair, ikitoka Port Bell kuelekea Juba, ilipotea njia kwa sababu ya hitilafu katika chombo cha redio cha kuelekeza safari, na mafuta yalipokaribia kwisha rubani wake, Kapteni E. S. Alcock, aliitua katika Mto Dungu karibu na Faradje, kaskazini-mashariki mwa Kongo ya Wabelgiji. Hakuna aliyekufa, lakini mwamba uliotoboa tumbo la ndege uliigeuza safari ya siku chache kuwa kazi ya karibu miezi kumi: mafundi waliitengeneza papo hapo msituni, jaribio la kwanza la kuirusha likashindikana, ikabidi mto uzibwe kwa bwawa ili maji yawe ya kina cha kutosha, na Januari 1940 ndipo iliporuka. Ndege ya magurudumu isingepata hata nafasi hiyo ya kutua. Lakini tarehe 1 Mei 1939 ndege nyingine ya daraja hilo, Challenger, ilivunjika ikitua katika bandari ya Msumbiji, bandari iliyokuwa kituo chake cha kawaida, na watu wawili wakafa.

Vita Kuu ya Pili ya Dunia viliipa Kisumu umuhimu wa ghafla, kwa sababu Bahari ya Mediterania ilipofungwa mwaka 1940 barua za dola ya Uingereza zilibebwa kwa njia iliyopinda kama kwato la farasi kutoka Durban hadi Sydney, ikipanda kupitia Kisumu, Khartoum na Cairo kabla ya kugeukia mashariki. Vita hivyohivyo ndivyo vilivyoiua ndege-mashua. Majeshi yalijenga njia ndefu za lami na saruji kila pembe ya dunia, na amani iliporejea hapakuwa tena na sababu ya kubeba umbo la mashua angani. Shirika la BOAC, mrithi wa Imperial Airways, lilirudisha ndege-mashua za Solent mwaka 1948, zikitumia zaidi Port Bell kwa upande wa ziwa, na Novemba 1950 likaziondoa.

Wazo la kulitumia ziwa kama mahali pa kushukia lilirudi mara moja zaidi, kwa namna ya kijeshi. Kabla ya shambulio la Julai 1976 la kuokoa mateka katika uwanja wa ndege wa Entebbe, ulio kando ya ziwa nchini Uganda, wapangaji wa Israeli walifikiria kuwaangusha makomando ziwani kwa miavuli pamoja na mashua za mpira, ili wavuke hadi uwanjani kwa maji. Katika mazoezi baharini mashua zilizoshushwa kwa miavuli zilipasuka zilipogonga maji, na mpango ukaachwa. Kwa mrukaji wa kawaida pia, kuangukia majini huhesabiwa kuwa dharura, kwa kuwa kitambaa na kamba humfunika na kumfunga mtu, na ndiyo maana wanaoruka kwa burudani katika ufuo wa Diani, kusini mwa Mombasa, hulenga mchanga na kuukabili upepo unaotoka baharini.

Uwanja wa Kisumu wa leo uko Usoma, kando kabisa ya maji. Ulipanuliwa na kupewa hadhi ya kimataifa mwanzoni mwa miaka ya 2010, na njia yake ya kurukia ina urefu wa zaidi ya kilomita 3. Hata kama ndege-mashua zingerudi, zingekuta ghuba nyingine, kwani gugumaji, mmea wa Amerika Kusini ulioenea ziwani tangu kuanza kwa miaka ya 1990, husukumwa na upepo uleule wa alasiri hadi ukafunika maji ya mbele ya mji kwa wiki nzima, kisha ukahamia Kendu Bay au Homa Bay.